Mwenye Mashine Avute Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja kwenye mto Lowa, kule Walikale, mwanangu, nilipokaribia kufa kwa ajili ya adabu. Cheka tu. Wengine huuawa na radi, wengine na homa. Mimi nilitaka kuuawa na heshima.

Nilikuwa kijana wa Lushebere, mkulima wa maharagwe, nami nilikuwa nimemchumbia Furaha. Kwao walitaka ng'ombe, na mimi sikuwa hata na mbuzi. Nikashuka Walikale kuzamia dhahabu. Kompresa inanguruma juu ya chelezo na kusukuma hewa kwenye mpira mrefu. Wewe unaung'ata mwisho wake na kushuka hadi chini ya mto. Huo mpira ndio pua yako. Mashine, mimi na wazamiaji wenzangu tuliikodi kwa mzee mmoja, na mzee huyo, ona mambo, alikuwa baba yake Furaha.

Ningeanzaje kuikagua? Kwetu mkwe hatazamwi usoni, sembuse kuambiwa mashine yake ni mbovu! Nikajifunga mkanda wa mawe kiunoni, nikashika mpira. Papa Safari, mzamiaji mkongwe aliyetufundisha kazi, akanikamata mkono.

“Umesha pima hewa?”

“Papa, iko mashine ya baba mukwe. Nitaipima aje mbele yake?”

Akamgeukia mkwe wangu, aliyekuwa ameketi ukingoni. “Papa, wageni wakikuja kwako, kasiksi nani anaionjaka wa kwanza?”

“Njo mimi mwenye nyumba.”

Hilo kila mtu wa milima yetu analijua: mwenye pombe ya ndizi huionja kwanza, ili mgeni anywe moyo ukiwa umetulia.

“Basi onja na iyi hewa.”

Nilitamani mto unimeze. Mkwe akainuka polepole, akaung'ata mpira, akavuta mara mbili, tatu. Akautema, akakohoa hadi machozi. Moshi! Bomba la moshi lilikuwa limeelekea pale mashine inapovutia hewa. Papa Safari akaupapasa mpira wote bila haraka, kama mama anayechambua maharagwe, akakuta ufa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ule ungenijengea kaburi.

Nikajua ndoa imekwisha. Mkwe akafuta macho, akanitazama.

“Ungeshuka na iyi moshi juu ya kuniogopa?”

“Ndiyo, Papa.”

“Sasa mutoto yangu angebakia na nani?”

Nikaufungua mkanda wa mawe. Siku ile hatukuzamia. Tuligeuza bomba, tukatafuta mpira mwingine. Kuanzia kesho yake mkwe alivuta hewa wa kwanza kila asubuhi, bila kuombwa, na kumbe nilimpenda zaidi kwa hilo. Ng'ombe wakapatikana. Furaha yuko hapa nyuma yangu, anasema nimekwisha kuharibu hadithi.

Basi sikia, mwanangu. Cha kukodi kikague kabla ya kukiamini: vuta hewa ukiwa bado juu, papasa mpira wote, tazama moshi unaelekea wapi. Mwenyewe akiwa ni mkwe, ndugu au mchungaji wako, mwombe aonje kwanza, kwa upole. Akikataa, usishuke. Anayekupenda kweli hatakasirika ukiilinda pumzi yako.

Mungu akupe pumzi ndefu, na kila ushukapo akurudishe juu kwa wanaokungoja.