Mparachichi Niliousemea

Ule ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mimi tarehe usiniulize, niulize tulikula nini. Tulikula ugali wa mahindi ya msaada, unaonuka gunia, ugali ambao ukipoa hata mbwa anaunusa na kwenda zake. Mvua ilikuwa imetukatalia, mahindi yalikaukia shambani yakiwa kimo cha goti, na kahawa ya baba ikadondosha maua kabla ya kufunga punje. Mboga ilikuwa parachichi. Mama alilimenya, akaliponda kwa mwiko na chumvi kidogo, sisi tukachovya tonge humo bila kuinua macho. Harufu ile ya parachichi na moshi wa kuni mbichi ikinipata leo, popote nilipo, tumbo linashukuru na moyo unakasirika.

Maparachichi hayo yalitoka kwenye mti mmoja tu, uliosimama nyuma ya jiko letu, kati ya migomba na mibuni, kwenye kilima kinachoitazama barabara ya Mlowo. Miaka yote kabla ya hapo mti ule ulikuwa haujazaa. Ulinenepa tu, ukatanda kivuli, ukala mbolea ya ng'ombe wetu bure. Na kwetu mti wa matunda ukigoma kuzaa, hutishwa. Mwenye mji anakuja asubuhi na shoka, watu wa nyumbani wanasimama pembeni, anapiga shina mapigo machache ya kuchuna gome, huku anafoka: "Mti gani huu! Naukata leo!" Hapo lazima mtu mmoja ausemee. Lazima aseme, "Usiukate, mwakani utazaa." Asiposema mtu, mwenye shoka atakata kweli, maana ameshasema mbele ya watu. Na aliyeusemea ndiye anayebaki na mti huo mikononi. Ataumwagilia, ataulinda, mpaka uzao wake wa kwanza uvunwe wote.

Mwaka mmoja kabla ya ule wa unga wa njano, mti wetu nao ukatishwa. Baba alipiga pigo la kwanza akamtazama kaka yangu Elia, aliyenizidi miaka miwili. Elia akatazama vidole vya miguu yake. Baba akapiga la pili. Utomvu ukachuruzika. Elia bado anahesabu vidole. Mimi mdomo wangu haukuwa na mlango, nikaropoka, "Baba, usiukate, mwakani utazaa!" Watu wakacheka. Baba akashusha shoka akasema, "Haya, Naomi, umesema wewe. Ni wako." Nilifurahi mimi! Nilicheza siku nzima nikiimba kwamba nina mti. Nilikuwa darasa la tatu, najua kusoma, najua kugawanya, lakini sikujua kwamba Elia alinyamaza kwa sababu alikuwa anajua maana ya kusema.

Mwakani mti ukazaa. Ukazaa mpaka matawi yakapiga magoti, katika mwaka uleule ambao hakuna kitu kingine kilichozaa. Nikaanza kazi. Matawi yaliyoinama niliyaegemeza kwa miti yenye panda. Shina nililizungushia matawi ya miiba, nikayafunga kwa kamba za mgomba, juu kushinda kifua cha mtu mzima. Chini nilimwaga majivu, kila jioni nayasawazisha kwa kiganja, asubuhi natazama nyayo: hapa kapita ngedere, hapa kapita mtoto wa jirani, hapa kapita jirani mwenyewe, na yule jirani alikuwa mwimbaji wa kanisani. Mchana nilikuwa na debe bovu na jiwe. Ngedere wakisogea, napiga. Ng'ambo ya kijito nilisikia wenzangu darasani wanaimba jedwali la kuzidisha, sauti inapanda na kushuka, nami napiga debe langu nikifuatisha, mbili mara tatu, mbili mara nne, mpaka mama anatoka jikoni kuniuliza ngedere wako wapi.

Mwalimu alikuja. Ilikuwa kama wiki ya tatu nimekosekana. Alikuja kwa miguu, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya kuvuka kijito, akakaribishwa kigoda. "Mzee," alimwambia baba, "huyu binti anasoma vizuri kuliko kaka yake. Mrudishe." Baba akacheka. "Basi si bahati yako, mwalimu? Umebaki na yule anayehitaji kufundishwa." Mwalimu hakucheka. Akarudia ombi lake. Baba akaacha mzaha: "Darasani kwako wako arobaini. Huku yuko mmoja." Mwalimu akamtazama mama. Mama alikuwa anachambua mahindi ya msaada, akaendelea kuchambua hata yale aliyokwisha kuchambua. Akamtazama Elia, ambaye alikuwa bado amevaa kaptula ya shule. Elia akatazama vidole vyake. Nilisubiri. Nilijua kabisa kwamba sasa kuna mtu atafungua mdomo, maana hata mti usiokuwa na masikio ulikuwa umepata wa kuusemea. Mwalimu akaaga, akachukua viatu vyake akaondoka.

Nikajisemea mwenyewe, kwa miguu. Siku moja nilikaza miiba, nikaacha debe kwenye tawi, nikavuka kijito nikaenda kusimama dirishani pa darasa letu. Mwalimu aliniona. Alinielekeza kwa chaki kwenye dawati la nyuma. Nikakaa kipindi kimoja, cha kusoma kwa sauti, na zamu yangu ilipofika nilisoma ukurasa mzima bila kujikwaa. Ukurasa huo ndio wa mwisho kwangu. Niliporudi, ngedere walikuwa wameshakula upande wote unaotazama bonde. Na ngedere hali akamaliza. Anang'ata kidogo anatupa, anachuma lingine. Chini palikuwa pametapakaa maparachichi mabichi yenye alama za meno. Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliokota moja, akalipangusa majivu kwa shati, akanipa mbele ya wote. "Kula," alisema. "Haya ndiyo masomo yako." Parachichi bichi ni chungu, linashika ulimi, linakataa kumezeka. Nililila lote na kokwa nikampa mkononi. Elia alianza kucheka, kisha akaacha.

Mti huo tuliuvuna polepole, maana parachichi hukaa mtini miezi ukitaka, na baba alitaka. Kila wiki kikapu kimoja kilishuka Mlowo kubadilishwa kwa unga, chumvi, sabuni, na mwisho wa mwaka kwa sanduku la bati, blanketi na sare za Elia, aliyekuwa anakwenda shule ya bweni. Mimi niliambiwa mwakani nitarudi. Mwakani mama alijifungua, nikawa mlezi. Mwaka uliofuata nilikuwa mrefu kuliko madawati ya darasa la nne, nami nilikuwa na kiburi, sikutaka kuchekwa.

Sasa mimi ni bibi. Niliolewa Ikinga, na pale kwangu nimeotesha mapera, mapichesi, machungwa na maparachichi; miche naibebesha, naiunganishia kikonyo cha mti mwingine kwa kisu changu mwenyewe, na wataalamu wanakuja kutazama. Wajukuu zangu wa kike wanapita chini ya miti hiyo wakienda shule. Ngedere wakija, wale. Nimewaambia watoto wote: tunda likiliwa litazaliwa lingine. Kaka yangu Elia naye amestaafu kazi yake ya ofisini, ana shamba la miparachichi mifupi ya kisasa, na matunda yake huchukuliwa na magari makubwa ya wanunuzi. Anayeyalinda ni mwanaume mzima mwenye buti na rungu, ana kiti chake, na Jumapili anapumzika. Nilipomwona yule mlinzi amekaa kwenye kiti, nilitema mate.

Nilikuwa nimeitwa huko kwa ajili ya ibada ya shukrani ya Elia. Jumamosi, binti yake Upendo, anayefundisha shule huko Mkwajuni, aliniamkia, akakaa karibu yangu na risala yao ya familia. "Shangazi, sikiliza sehemu yako," alisema, akasoma: kwamba shangazi yetu mpendwa, kwa upendo mkubwa, alijitolea kuacha shule alinde matunda ili kaka yake asome, na kwamba kesho atasimama alithibitishe hilo kwa kinywa chake.

"Lifute," nikamwambia. "Sitasema nilijitolea. Sikujitolea."

"Jamani shangazi, si neno moja tu? Watu watakupigia vigelegele. Tumekushonea na kitenge."

Elia alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Amezeeka kaka yangu, anashika fremu ya mlango ili asimame. Alimwambia binti yake aende jikoni. Kisha akasema, sauti ya chini, akiwa amenitazama usoni safari hii, "Naomi, mdogo wangu, kesho kanisani watakuwepo watu wote. Nisitiri."

Nilimwonea huruma, kweli nilimwonea. Nikamjibu:

"Sitasema nilijitolea. Sikujitolea."