Buni za Kumkaribisha Mpiga Picha

Mama ana majiko mawili nyumbani kwake Muleba. La gesi liko ndani. La mafiga liko kwenye kibanda cha nyuma, na siku hizi kuku ndio wanaolitumia, kutagia. Mtayarishaji wa kipindi aliposema angependa mama arekodiwe akipika kwenye mafiga, nilitamani sana kujua kuku wataambiwa nini.

Ni mimi niliyemleta, yeye na mpiga picha wake, kutoka Bukoba ninakofanya kazi redioni. Kipindi kilihusu wanawake wanaolima kahawa. Mama alikubali kwa sharti moja: akitazama, ajione. Zamani kuna watu walimrekodi shambani akiwa pekupeku, wakaweka muziki wa huzuni na maneno kuhusu umaskini. Wenzake wa kwaya walimtania mpaka akaacha mazoezi kwa muda. Ndugu wa mbali walimpigia simu kumpa pole, utadhani amefiwa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sebuleni alituketisha kwenye makochi yenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, akaleta kikapu cha akamwani, zile buni zetu za kutafuna. Alitafuna ya kwanza yeye, ili mgeni ajue hazina neno, kisha akapitisha kikapu. Tukatafuna.

"Hii nzuri sana, mama," mtayarishaji akasema. "Kamera ilikuwa bado. Naomba urudie, ila tukae kule kibandani, na uvue viatu."

Mama akafunika kikapu. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akikagua kahawa aliyoianika.

"Mwana wange, nimeshakukaribisha. Mgeni haingii mara mbili bila kutoka."

"Ni kwa ajili ya picha tu, mama."

"Basi tokeni, waitu, tafadhalini, mpaka barabarani. Mrudi na kamera yenu inawaka, mbishe hodi. Ila kwangu mgeni huulizwa habari za kwao. Utajibu?"

Mtayarishaji akacheka, akasema atajibu. Walipotoka nilimtazama mama akinyoosha vitambaa vya makochi, nikajiuliza ana mpango gani. Sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kwa mama yangu kusubiri huleta majibu mengi zaidi.

Hodi ikabishwa. Mama akawapokea, akatafuna buni yake, akampa mtayarishaji, kisha akaanza. Kwao ni wapi? Wazazi hawajambo? Mama yake anapikia nini?

"Gesi," akajibu.

"Akija mgeni na kamera, humpokea wapi?"

Mtayarishaji alitafuna kwanza.

"Sebuleni," akasema, "na angevaa gauni lake la kanisani."

"Ngoja basi nami nikavae langu," mama akasema, akaingia chumbani. Siku ile yote hakuna aliyetaja mafiga tena.

Kipindi kilirushwa Jumapili. Wanakwaya walijaa sebuleni kwa mama, na yule aliyekuwa akimtania kuliko wote aliketi karibu kabisa na runinga. Mama hakutazama. Alisimama mlangoni akiwatazama wao, mikono ameikunja kifuani, nami nikagundua kwamba anaogopa. Alikuwa anasubiri wacheke. Walicheka, ndiyo, pale mgeni alipoulizwa habari za mama yake. Kilipoisha, yule mtani akamgeukia.

"Leo umekuja mwenyewe," akamwambia. "Mara ile walituletea mtu mwingine."

Mama akaenda kuleta kikapu.