Barua Niliyoitafsiri Neno kwa Neno

Kwa miaka sita nilikuwa karani katika shamba la waridi upande wa Usa River. Kazi yangu kubwa ilikuwa barua. Niliwaandikia wanunuzi wa Ulaya kwa Kiingereza, nikasoma majibu yao, nikaandika tena. Mkurugenzi wetu alikuwa mgeni, mtu mpole, mwenye Kiswahili cha kusalimia na kuomba chai. Ndiye aliyenifundisha kwamba Kiingereza cha barua za biashara kina adabu zake.

Barua yangu ya kwanza ilihusu maua yaliyofika yamenyauka. Niliandika wazi kwamba ndege ilichelewa na kosa si letu. Aliisoma, akatabasamu, akaifuta karibu yote. Alipoirudisha ilisema tumesikitishwa sana na usumbufu huo, na kwamba huenda ingefaa, kama hawatajali, kuangalia pia ni muda gani mzigo ulikaa uwanja wa ndege.

Nilijifunza haraka. Mnunuzi akiandika kwamba amelisoma pendekezo letu kwa hamu, nilijua amelitupia jicho tu. Akisema atalifikiria, amekataa. Akiuliza kama tungeweza kujaribu kutuma Jumatano, hiyo ilikuwa amri. Nilikuja kuipenda lugha ile. Hata nyumbani kwetu mlimani hatumwendei mtu na shida mdomoni. Tunauliza kwanza watoto, ng'ombe, mvua. Ila kwetu yule anayesikiliza anajua mazungumzo yanaelekea wapi. Hilo sikulitilia maanani.

Kwenye chumba cha kupangia maua kulikuwa na mama mmoja mjane, Mmeru, msimamizi wa meza ndefu kuliko zote. Aliweza kupanga vikonyo kwa urefu bila kutazama kipimo. Tangu wiki yangu ya kwanza alinichukua kama mtoto wake. Mchana alinigawia ndizi na maharage kutoka bakuli lake, na nikikataa alinuna kweli. Binti yake wa mwisho alikuwa chuoni akisomea uuguzi, na kila jambo alilolipanga lilianzia kwa huyo binti.

Halafu, katika zile wiki za baridi ambazo Mlima Meru hauonekani kabisa, ikaja barua kutoka kwa mnunuzi wetu mkubwa. Alitushukuru kwa ushirikiano wa miaka mingi. Aliwasifu wafanyakazi wetu kwa umakini wao. Alisema wanatazama upya mahitaji yao ya msimu ujao, na kwamba watafurahi sana kuwasiliana nasi iwapo mazingira yatabadilika.

Niliisoma mara moja tu, nikajua wanatuacha. Bila yeye shamba lisingefika msimu ujao.

Fununu zilikuwa zimeshaenea, kwa hiyo mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi. Aliniambia niwasomee barua kwa Kiswahili kama ilivyo, bila kuongeza kitu. Hakutaka watu waanze kuondoka kabla maua yaliyobaki hayajavunwa. Nikasoma. Nilitafsiri neno kwa neno, kwa sauti nzuri. Nilipofika kwenye sifa za umakini wao, wakapiga makofi.

Yule mama alinifuata hadi mlango wa ofisi.

"Mwanangu, wewe umeisoma kwa lugha yao. Wanatuacha, au hawatuachi?"

"Wamesema wanatazama upya, mama."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza wewe. Kuna shamba la mboga Nduruma wananitaka nikasimamie wanaopanga maharage mabichi. Wanataka jibu kufikia Ijumaa. Niende?"

Mkurugenzi alikuwa ndani, hatua chache tu kutoka pale. Nilikuwa na hofu ya kazi yangu, hilo sitalificha. Lakini lilikuwapo jambo jingine baya zaidi: maneno laini yalikuwa yamekwisha kuuzoea mdomo wangu.

"Mimi ningesubiri kidogo nione hali," nikasema.

Akanishika bega. "Asante, mwanangu. Wewe ndiye unayewaelewa."

Ijumaa ile akawajibu watu wa Nduruma kwamba haendi.

Hata miezi mitatu haikupita, shamba likafungwa. Barua za kuachishwa kazi niliziandika mimi, na ya kwake pia: tunasikitika kukujulisha, tunathamini mchango wako, tunakutakia kila la heri. Alikuja nayo mezani kwangu. Kiswahili anakisoma vizuri, lakini alinisukumia karatasi.

"Nisomee."

Nikasoma. Alinisikiliza hadi mwisho, akaikunja, akaitia kwenye kitenge.

"Siku ile ungeniambia, 'Mama, nenda,' ningelia siku mbili, nikaenda."

Nafasi ya Nduruma ilikuwa imeshachukuliwa. Alizunguka mashamba mengine, akaambiwa wanatafuta vijana. Binti yake aliacha chuo akiwa mwaka wa pili. Siku hizi binti huyo anauza mitumba sokoni mjini, na tukikutana ananiamkia kwa heshima zote, jambo linaloniumiza kuliko kama angenitukana.

Mimi nilipata kazi nyingine, ofisini hapa mjini, Engutoto. Barua bado naandika. Mwaka jana ndipo nilipopata moyo wa kupanda mlimani kwenda kwa yule mama. Nilimkuta shambani kwake akichuma kahawa. Nikamwamkia, nikauliza afya yake, nikauliza migomba, nikauliza kanisani kukoje. Akajibu yote. Kisha akasimama.

"Mwanangu, umekuja kusema nini?"

"Nilijua, mama. Siku ile ya barua nilijua wanatuacha."

Akarudi kuchuma. Nikasogea kwenye mti wa pili, nikachuma naye, hadi manyunyu yakaanza.

"Basi," akasema. "Sasa nimesikia."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza. Aliniwekea chai, nikanywa. Kwetu mgeni husindikizwa hata kama ni hadi kona ya njia tu. Nilipoaga aliitikia akiwa amekaa, akainamia ungo wake wa kahawa, nami nikateremka peke yangu.