Utepe Nilioufunga kwenye Kompyuta ya Mahafali

Wewe unayesoma, jifanye umekaa hapa kwenye benchi langu na soda mkononi, maana jambo hili huwa siwezi kulisimulia nikiwa nimesimama. Ni aibu yangu, nakiri mapema, na nitakueleza polepole kama ninavyomweleza mwanafunzi wa siku ya kwanza. Ila nikipandisha sauti katikati usishangae, kwa sababu hasira yake haijanitoka mpaka leo, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Miaka ile ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa na kufungwa na kila mwenye chumba anafungua biashara, mimi nilipanga chumba mtaa wa Mabatini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nikaanzisha darasa la kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa nne, moja mbovu (hiyo niliitumia kufundishia sehemu za nje: hii kibodi, hiki kioo, hapa usiguse). Tulifundisha programu ya zamani ya kuandikia barua, kioo cheusi na maandishi meupe, haina picha wala madoido, lakini ukibonyeza herufi inatokea kabla hujainua kidole.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mama Kulwa. Alikuwa mchapaji katika shirika moja la umma kwa miaka kumi na saba, shirika likafungwa, akarudi nyumbani kwa watoto wake pacha waliokuwa sekondari. Kwa umri alikuwa sawa na dada yangu mkubwa, kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo Mama Kulwa," naye akijibu, "Marahaba mwalimu, umechelewa, tuanze." Yeye ndiye aliyekuwa anafika wa kwanza (ufunguo nilimpa), anafagia, anafuta vumbi mashine moja baada ya nyingine, halafu anakaa kufanya mazoezi. Vidole vyake vikianza kazi ilikuwa kama mvua kwenye bati.

Mahafali yalipokaribia nikamwalika mgeni rasmi, Bwana Magesa, meneja wa kiwanda kipya cha minofu ya sangara kule ufukweni. Akaniambia wazi kwamba anatafuta mchapaji mmoja, na kwamba akimwona anayejua atamchukua siku hiyo hiyo. "Usiniletee vyeti," alisema, "nionyeshe mikono." Nikamweleza Mama Kulwa. Kesho yake alikuja amekata kucha fupi kabisa.

Sasa sikia upumbavu wangu. Siku mbili kabla ya sherehe akapita muuzaji mmoja na programu mpya, ile ya madirisha na picha za rangi, akasema, "Mwalimu, hii ukiiweka, mashine itakwenda kama ndege." Nami, badala ya kusema asante niache na mahafali yangu, nikaona mgeni rasmi asije akakuta kioo cheusi, atatuona washamba. Kesho yake nikachukua mashine moja nikaingiza diski moja baada ya nyingine, kumi na tatu zote, mchana kutwa.

Ngoja nieleze kitu kimoja hapa, si kigumu. Programu mpya ilipoingia, ile ya zamani ya barua haikufutika. Ile mpya iliichukua kompyuta yote kama mwenye nyumba mpya, halafu ikamtengea yule wa zamani chumba kimoja ndani kama mpangaji, ikakipanga kifanane na nyumba yake ya awali, kuanzia jiko mpaka mlango, ili aendelee kuishi akidhani bado nyumba nzima ni yake. Yaani ni kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kweli. Ukishaelewa hilo umeelewa jambo kubwa, usijidharau. Mimi nililielewa vizuri mno, na ndilo lililoniponza.

Nilipomaliza, nikaihamishia mashine meza ya mbele na kuipamba. Ndiyo, kuipamba, wewe umewahi kuona sherehe yetu isiyo na kitambaa? Nikaweka kitambaa cha kufuma alichonipa mke wangu, juu ya kioo na juu ya sanduku la chini, pindo zikaning'inia mbele. Halafu nikachukua utepe mpana wa bluu, nikauzungusha kwenye sanduku, nikakaza, nikafunga fundo kubwa kama zawadi ya arusi. Nikasema, "Asiguse mtu mpaka kesho." Na mimi mwenyewe sikuandika hata herufi moja ya kuijaribu.

Siku ya siku, Jumamosi, watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Wazazi, waume, majirani, hata mwenye duka la chini alifunga duka akapanda. Bwana Magesa akakaa kiti cha mbele, suti ya kijivu. Nikatoa hotuba ndefu ya kuisifu programu mpya (nilitaja ndege mara tatu), kisha nikamwita Mama Kulwa aandike barua ya kumkaribisha mgeni rasmi.

Akakaa, akanyoosha mgongo, akaanza. Vidole vikanyesha mvua yake ile ile. Kioo kikabaki kitupu.

Halafu ikatokea N. Ikapumzika. Ikatokea D. Halafu sanduku likaanza kulia, pii, pii, pii, kwa sababu herufi alizobonyeza zilikuwa zinasubiri foleni, foleni imejaa, na zilizozidi zilikuwa zinatupwa. Mimi nilijua maana ya mlio ule. Nilijua kabisa. Watu wakaanza kucheka.

"Ongezeni mafuta!" akaita mmoja kutoka mlangoni.

"Shukeni muisukume!"

Bwana Magesa akaniinamia. "Mwalimu, huyu samaki anavuliwa au ndiyo kwanza anazaliwa?"

Mama Kulwa akasimamisha mikono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nihamie ile mashine ya dirishani, haijabadilishwa." Dakika moja tu ingetosha kuhama. Lakini ile ya dirishani ilikuwa na kioo cheusi, na mimi nilishatamba mbele za watu, kwa hiyo nikasema (hapa ndipo huwa napandisha sauti, uniwie radhi), nikasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Tulia Mama Kulwa, usibonyeze kwa woga." Halafu nikamgeukia meneja nikacheka kile kicheko cha kujipendekeza, nikamwambia, "Unajua tena, watu wazima kompyuta huwa inawasumbua kidogo."

Akasikia. Kila mtu alisikia. Mama Kulwa akaondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani, akaiangalia.

Barua ikatoka kwenye printa ina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Meneja akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni.

Nikamwondoa Mama Kulwa kitini nikakaa mimi, fundi mkuu. Nikaanza kuwahutubia wageni habari ya mwenye nyumba na mpangaji, kwamba tatizo ni ile kompyuta ya kuigiza, imepewa chumba kidogo. Nikampa mpangaji kioo kizima: pii, pii. Nikafunga madirisha mengine yote: pii. Nikazima nikawasha, na kuwaka kwenyewe kulichukua muda ambao pilau iliandaliwa, ikaliwa na sahani zikakusanywa. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza, ikiwa hata kuwaka inatambaa, kabla mpangaji hajafunguliwa mlango, kosa la mpangaji ni lipi? Mimi sikujiuliza. Nilitoa diski zangu kumi na tatu nianze upya, nikaziacha mezani, nikabadilisha hiki na kile kwa pamoja, mwishowe sikujua nimegusa nini na nini, jasho linanitiririka, na watoto wameacha soda zao wanaimba, "Pii! Pii! Pii!"

Bwana Magesa akasimama. "Mwalimu, asante kwa chakula." Hakumtazama Mama Kulwa. Akashuka ngazi, tukasikia gari lake likiwaka, mara moja tu, bila shida yoyote.

Ndipo Mama Kulwa akasogea. Hakuja kunisaidia mimi. Alikuja kuondoa kitambaa, kwa sababu kilikuwa kimemwagikiwa mchuzi na yeye hawezi kuona kitu kichafu juu ya mashine. Akafungua fundo, akautoa utepe, akafunua pindo. Akainama.

"Mwalimu, mbona hii taa ya kijani imezimika?"

"Taa gani?"

"Hii hapa. Kila asubuhi nikifuta vumbi nikaiwasha mashine, naikuta inawaka. Chini yake kuna kitufe, tena kimebonyea."

Kitufe hicho kilikuwa kimeandikwa Turbo. Mashine za siku zile zilikuwa nacho: kikiwa kwenye nafasi moja mashine inakwenda kwa nguvu zake zote, ukikibonyeza inapunguza mwendo makusudi, kwa ajili ya programu za zamani sana. Fundo langu la arusi, nililolikaza kwa mikono yangu hii, lilikuwa limekaa juu yake barabara. Programu mpya ilikuwa nzito kidogo, sawa, lakini haikuwa na hatia. Mpangaji hakuwa na hatia. Mama Kulwa ndiye asiyekuwa na hatia kabisa.

Akakibonyeza kwa kidole kimoja. Taa ikawaka. Akavuta kiti, akaandika barua yote upya bila kukosea, herufi zinamkimbilia. Alipomaliza hakuichapisha. Akachukua mkoba wake.

Jumatatu nikaenda kiwandani kujieleza. Mlinzi getini akanitazama akasema, "Wewe ndiye mwalimu wa pii pii?" Meneja alinisikiliza akiwa amesimama, akacheka, akasema mchapaji alishampata Jumamosi ile ile jioni. Nikatoka pale nimekunja ngumi, namkasirikia yeye, namkasirikia muuzaji wa programu na utepe wake wa bluu (ambao hata hakuniuzia yeye), mpaka nilipofika kwa Mama Kulwa nikaishiwa watu wa kuwakasirikia.

Alinikaribisha chai. Nikamwomba radhi kwa ajili ya kitufe.

"Kitufe nilishakusamehe pale pale, mwalimu," alisema. "Kitufe hakikuona. Lile la watu wazima, ulilisema ukiwa unaniona."

Alipata kazi miezi kadhaa baadaye, kwa miguu yake mwenyewe, mimi sikuchangia hata herufi. Ufunguo wangu alinirudishia akiwa ameufunga kwenye kipande cha utepe ule.

Kwa hiyo, rafiki yangu, siku mashine yako itakapokuwa nzito baada ya kubadilishiwa programu, usikimbilie kumlaumu aliyekaa mbele ya kibodi. Chukua karatasi, andika kila ulichokigusa tangu ilipokuwa nzima, hata vitambaa viandike. Rudisha kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Na kabla hujaanza hata hilo la kwanza, muulize anayeifuta vumbi.