Marahaba ya Kapteni wa Ngoma

Juma lililopita tulikuwa tukiukarabati uwanja wetu wa ngoma hapa Mwembesongo, maana mashindano ya beni, ngoma yetu ya kuiga gwaride la askari, yamekaribia na mvua zimeuchimba mashimo. Mimi ni kapteni wa chama chetu. Ni ukapteni wa ngoma tu, lakini nilivaa koti la vifungo vya shaba na upanga wa mti, nikasimamia kazi kwa makelele kama Mdachi wa jeshi la Wajerumani.

Akapita mzee wa Kiluguru na mkungu wa ndizi kichwani, ameshuka mlimani kwenda sokoni. Nikamnyooshea upanga kwa mzaha. "Wewe, shika jembe."

Wenzangu wakacheka. Mzee akatua mkungu, akavua kofia. "Shikamoo, bwana."

Mtu wa rika la baba yangu. Nami nikaitikia, "Marahaba."

Alifukia mashimo mpaka adhuhuri, nasi tukamwacha afanye. Kisha akaja mbele yangu, mikono kifuani. "Naomba cheti, bwana, nikamwonyeshe jumbe wa kijiji chetu kwamba siku yangu ya kazi ya serikali nimeitumikia."

"Baba," nikamwambia, "hii ni ngoma tu."

Akautazama upanga wangu. "Na yule Mdachi wa juzi, aliyetulimisha barabara, naye alikuwa ngoma?"

 Akajitwika ndizi zake, zimeshasinyaa kwa jua.

Uwanja sasa umenyooka, na watu wananisifu. Pale palipo sawa kuliko kote ni pale alipofukia yeye. Siku ya mashindano nitapita papo hapo na upanga wangu, nikipigiwa makofi.