Kizimba Karibu na Nyumba

Twagirayezu hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti, anakishika mgongo, anasalimia, na macho yameshafika ziwani. Mkewe Dancille alikuwa ameacha kumwita chakula kikiwa moto, alimfunikia tu.

Hangaiko hilo lilianza Masisi. Kule alikuwa na ng'ombe, na vita vilipopanda kilima chao, ng'ombe walikuwa malishoni ng'ambo, mbali na macho yake. Hakumwona hata mmoja tena. Sasa hapa Goma, alikokimbilia, alikuwa na kizimba cha wavu kilichojaa tilapia, kikielea Ziwa Kivu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Waliomfundisha ufugaji wa samaki walikifunga mbali, penye mkondo. Yeye akakivuta mpaka kwenye kighuba chini ya nyumba, kama mtu anayerudisha mifugo zizini jioni. Maji ya pale hayaendi popote, lakini ungemwambia nini? Alitaka kuwaona samaki wake.

Basi kinyesi na chakula kilichobaki vikatuama chini. Maji yakawa kijani, yakaanza kunuka. Masika, jirani aliyezoea kuchota hapo maji ya kunywa, akaja na bidoni lake la kuchotea, tupu. Alimwita Twagirayezu kwa jina la kifungua mimba wake.

"Papa Bénita, hii mayi haifai tena. Batoto banaumwa tumbo. Rudisha samaki yako mbali."

"Na bezi ba usiku je, mama? Wewe utanichungia?"

"Na mimi nitakunywa nini?"

Twagirayezu akageukia ziwani. Akaenda kukagua wavu. Ndivyo alivyo bwana huyu, akishindwa neno anakumbuka wavu.

Asubuhi moja akakuta samaki wamejaa juu, midomo nje, inafunguka na kujifunga. Alifurahi, maskini. Ng'ombe mwenye njaa humwita mchungaji wake, basi na hawa wamekwisha kumjua. Akawamwagia chakula. Kesho yake walipanda wengi zaidi, akaongeza. Hata wengine walipoanza kugeuza matumbo juu, mzee wa watu alizidi kumwaga.

Dancille akateremka akamshika mkono. "Angalia chakula."

Punje zilielea vilevile. Hakuna aliyezigusa.

"Mwenye njaa anaacha chakula? Kumbuka Bénita akishikwa na pumu, alikuwa anafungua kinywa hivi hivi. Hizi samaki zinatafuta pumuzi. Huu uchafu wetu umezimalizia hewa."

Twagirayezu aliitazama midomo ile. Kisha akaingia majini na nguo zake akaanza kufungua kamba.

Walikivuta kwa mtumbwi, polepole, Dancille akipiga kasia, mpaka mkondo ulipoanza kuwasukuma. Wakakifunga kwenye boya la zamani. Waliokufa waliwatoa kwa mikono. Waliobaki hai walizama chini, Twagirayezu asione hata pezi. Dancille akasema warudi nyumbani, yeye akawa bado ameng'ang'ania ukingo wa kizimba.

"Ngombe zangu hazikuniita ile siku," alisema. "Hizi ziliniita kila asubuyi, Dancille. Na mimi nikawa nazishindilia chakula mu kinywa."