Mwalimu wa Historia Aliyempa Mwanafunzi Mtani Asiye Wake

ÉLISABETHVILLE, 1955 — Saa mbili asubuhi, Mwalimu Faustin Kasonde anagawa vitabu vya historia. Havitoshi. Kila kundi linapata kimoja, na kichwa kinagongana na kichwa.

"Aya moja, basi. Kisha mufunge kitabu," anawaambia. "Muniambie imesema nini, na imenyamazia nini."

Darasani mna watoto wa kambi za mgodi, wa reli, na wa mafundi Waislamu kutoka Maniema. Kifaransa cha kitabu wengine wanakimeza, wengine kinawakaba koo. Kwa hiyo wanasoma Kifaransa, wanasimuliana kwa Kiswahili, kisha wanarudi kwenye Kifaransa. Mkaguzi wa shule hapendi Kiswahili darasani. Kasonde hufunga mlango.

Ujanja wake mkubwa ulikuwa makundi. Aliwaketisha watani pamoja, mtoto wa Kibemba na mtani wake wa ukoo mwingine, kwa kuwa mtani akikukosoa hukasiriki. Ilifaa sana. Hata waliokuwa kama mabubu walianza kusoma.

Lakini Aruna, mtoto wa fundi cherehani Mwislamu kutoka Maniema, hakuwa na mtani hata mmoja. Kasonde akampachika kwa Musonda, mmoja wa watoto wa Kibemba, awe mtani wake. Utani haugawiwi kama chaki, na mwalimu mzima alipaswa kulijua hilo.

Wiki iliyopita walifika kwenye ukurasa wa wauza watumwa Waislamu wa Maniema. Aruna ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti.

"Kumbe ni babu yako!" Musonda akamtania. "Bei ya babu yangu ilikuwa ngapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu. Aruna akaweka kitabu chini, akatoka, na hajarudi.

Jumamosi ikipita bila yeye, nafasi yake anapewa mwingine. Shule ni chache na wanaobisha hodi ni wengi.

Kasonde alikwenda kwao. Baba yake, Mzee Mawazo, hakusimamisha cherehani.

"Mwalimu, mutoto yangu hakukimbia masomo. Anakimbia kicheko. Babu yake hakuuzishaka bantu. Ni yeye mwenyewe baliuzishaka, angali mutoto mudogo. Ile jina ya Aruna ilikuwaka ya babu; balimupatia bale bale balimununuaka."

"Baba, sikujua."

"Haukuuliza. Unafundishaka batoto kuuliza kitabu, lakini weye haukuuliza muntu."

Kasonde ananisimulia hayo akitazama mikono yake. Aibu imemkaa usoni, wala haifichi. "Nilicheka," anasema. "Kidogo, lakini aliniona."

Musonda tangu siku ile hasomi. Akipewa kitabu, anampa jirani.

Leo jioni mwalimu na Musonda watakwenda pamoja kwa Mzee Mawazo. Kasonde hataki kumrudisha Aruna kwa amri. Anataka kumwomba radhi mbele ya baba yake, kisha amuulize kama atakubali wausome upya ukurasa ule, yeye Aruna akichagua wa kuketi naye.

"Na akikataa?" namuuliza.

Kasonde anakusanya vitabu. "Akikataa, atakuwa amenijibu. Nitakaa nimusikilize yeye, bila kumufundisha chochote."